Gari la Kivumbasi na Mkono wa Mgeni Rasmi

Naomba msijisumbue kuitafuta nchi yetu kwenye ramani. Ramani tulikuwa nayo, tena nzuri, yenye mito na milima yote, lakini siku ya kuizindua mheshimiwa mmoja aliishika kidogo tu, ikageuka ramani ya shamba lake. Hatukumlaumu. Shamba lenyewe ni kubwa na linapendeza.

Niseme mapema mambo yanavyokwenda kwetu, maana wageni hushangaa. Nchi nyingine, nasikia, zina viwanda. Watu huko huamka alfajiri, huvaa ovaroli, hukaza nati na kulehemu mabati mpaka gari litokee. Sisi hatuna usumbufu huo. Sisi tuna Jamvi. Kila kata ina Jamvi lake la Taifa, lililosukwa kwa ukindu, nawe ukiweka juu yake vitu viwili vikagusana, vinatoweka na kinakuja kitu cha tatu. Babu zetu walianza na vinne tu: udongo, maji, moto na upepo. Udongo na moto vikaleta jiwe. Jiwe na moto vikaleta chuma. Chuma na mti vikaleta gurudumu. Magurudumu mawili ni baiskeli, na baiskeli ukiipa moto unapata pikipiki ambayo tayari haina breki. Nimeambiwa huko ng'ambo watu wanayacheza mambo haya haya kwenye simu, kwa kidole kimoja, wakisubiri chakula kiive. Kwetu ni Wizara kamili. Ina Waziri, ina manaibu, ina jengo refu lenye lifti iliyopatikana kwa kuchanganya kabati na kamba.

Gari ni chuma na gurudumu. Hilo hata watoto wa chekechea wanalijua, na huliimba. Gari na maji ni pantoni. Gari na gari ni foleni. Gari na shamba ni trekta, ingawa ukishapata trekta shamba la kulima huna tena, jambo ambalo Wizara ya Kilimo bado inalifanyia kazi.

Iko sheria moja tu ya kuangalia. Mtu akigusa kitu juu ya Jamvi, yeye hatoweki, kwa sababu Jamvi lina adabu zake. Kinachoingia kwenye mchanganyiko ni cheo chake au shida yake, kile kilicho kizito zaidi. Mkulima mmoja mwenye njaa aligusa gunia la mahindi, likawa sufuria ya ugali wa moto. Diwani wetu aligusa gunia la pili, likawa fulana za kampeni. Jamvi halina upendeleo.

Mimi ni mshereheshaji wa shughuli za serikali hapa Kivumbasi. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti na kutangaza kwamba itifaki imezingatiwa, hata pale ambapo sijui aliyeizingatia ni nani. Naipenda kazi hii, na nasema hivyo bila kulazimishwa na mtu.

*

Kivumbasi hatukuwa na shida nyingi. Tulikuwa na moja. Zahanati yetu ina nesi mmoja, Sista Mwajabu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu walio bondeni. Kuchoma sindano anaweza, kuzalisha anaweza, lakini kupasua hawezi, na hospitali ya wilaya iko nyuma ya vilima, kwa njia ya kokoto. Mgonjwa wa kupasuliwa alibebwa kitandani, wanaume wakipokezana miguu ya kitanda.

Mke wangu Kidawa alibebwa hivyo, katika uzazi wake wa pili, na hakufika. Waliporudi naye walimtua juu ya Jamvi wapumzike, na mkono wake ukagusa pikipiki mbovu ya ushirika iliyokuwa imeachwa pale. Papo hapo likatoka gari la maiti, safi, lenye mapazia. Lile halikuhitaji kamati wala mgeni rasmi. Nililia mbele za watu siku ile, na linaniuma hadi leo.

Baada ya msiba huo wananchi waliomba gari la wagonjwa. Mchanganyiko wake unajulikana: gari na sanduku la dawa. Sanduku la dawa Sista Mwajabu alikuwa nalo. Chuma tulikuwa nacho, gurudumu tulikuwa nalo. Kilichobaki ni utaratibu, na utaratibu unasema kwamba kitu chochote kinachotoka kwenye Jamvi hakiendi hatua ya pili mpaka kizinduliwe, na kuzindua ni mgeni rasmi kukiwekea mkono.

Mara ya kwanza alikuja Diwani. Gari lilitoka zuri, la kijivu, halina makuu. Diwani akaliwekea mkono, nalo likajikunja likawa gari dogo jekundu, lenye redio inayounguruma na jina la mwanawe kwenye kioo cha nyuma. Diwani alishangaa kuliko sisi sote. Akajipapasa mfukoni, akakuta ufunguo, na ufunguo ukaingia. Aliondoka nalo kwa masikitiko makubwa.

Mara ya pili alikuja Mkuu wa Wilaya, likageuka lenye bendera. Mara ya tatu alikuja Mkuu wa Mkoa, likageuka mawili, la mbele lake na la nyuma la walinzi. Nataka hili lieleweke: waheshimiwa wetu si wezi. Hakuna hata mmoja aliyekuja na nia mbaya. Walikuja kutuletea maendeleo, na maendeleo yakawashika mkono.

Serikali haikukaa kimya. Iliunda Tume. Tume ilikaa Kivumbasi muda mrefu, ikafanya uchunguzi wa kina, na mbuzi wakapungua. Mwisho ilituita uwanjani kutusomea ilichobaini: mikono ya wageni rasmi waliotangulia haikuwa na uzito wa kutosha. Ilipendekeza aje Waziri mwenyewe.

Sista Mwajabu alisimama akauliza kwa nini gari lisichanganywe na sanduku la dawa kabla hajaligusa mtu yeyote. Mwenyekiti wa Tume alivua miwani, akamtazama kwa huruma.

"Sista," alisema, "gari lisilozinduliwa ni chuma kilichokalia magurudumu."

Watu walipiga makofi. Niliyeongoza makofi ni mimi.

*

Sasa niwaambie kuhusu binti yangu Tunu. Mumewe yuko machimboni, kwa hiyo alikuja kwangu kujifungua. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Sista Mwajabu alimpima, akampima tena, kisha akaniita pembeni.

"Baba Tunu, huyu hapa hazaliwi," aliniambia. "Huyu anataka kisu cha wilayani. Muombe Mungu gari litoke."

Siku ya Waziri ikawa ndiyo siku ya gari, na gari lenyewe abiria wake wa kwanza angekuwa Tunu. Tulimkalisha mstari wa mbele kwenye turubai la wananchi, karibu na Jamvi, akiwa na kanga zake kwenye kifuko. Mimi nilikuwa kwenye kipaza sauti. Nilivaa suti yangu, nikajaribu mitambo, nikasema moja mbili, moja mbili, na moyo wangu ulikuwa haupo hapo kabisa.

Mgeni rasmi alitarajiwa asubuhi, akafika alasiri. Hilo ni jambo la kawaida, maana gari na gari ni foleni, na yeye huja na magari mengi. Jina lake ni Mheshimiwa Daktari Zumari, Waziri wa Michanganyiko. Ni mtu mnene mwenye uso mwema, na akicheka hucheka kweli. Kwaya iliimba wimbo wa chuma na gurudumu. Vikundi vya ngoma vilitumbuiza, na kila kikundi kilipotakiwa kutoka kiliongeza kipande. Aliletewa maji ya chupa, akaketishwa kwenye kiti kikubwa cha sofa chenye kitambaa cha kufuma, kisha nikamkaribisha azungumze.

Alianza na udongo. Akaenda kwenye moto, akakaa hapo kwa muda, kisha akaingia kwenye historia ya gurudumu na mchango wa Wizara katika kulifanya liwe la mviringo. Tulikuwa tumefika kwenye upepo nilipoona Tunu ameshika nguzo ya turubai kwa mikono yote miwili. Sista Mwajabu alikuwa amepiga magoti nyuma yake. Alinitazama, akaitikia kwa kichwa, na nikaelewa kwamba saa imefika.

Hakuna anayemkatiza Waziri. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu mimi ndiye ninayewatangazia wengine. Nilisimama pale na kipaza sauti cha akiba mkononi, nikiwa na maneno yote ya kukaribisha watu na sina hata moja la kumnyamazisha mmoja.

"Ndugu wananchi," Waziri alikuwa anahitimisha, "serikali yenu sikivu haitalala usingizi mpaka kila mgonjwa awe na gari, na kila gari liwe na mgonjwa wake."

Akaashiria, na vijana wa Wizara wakasukuma chuma na gurudumu vikagusana. Gari likatoka. Lilikuwa la kijivu kama yale mengine, limetulia, mlango wake wa nyuma uko wazi. Sista Mwajabu alikuwa ameshachukua sanduku la dawa na kulikimbilia. Mlinzi alimzuia kwa kiganja, kwa upole kabisa, akamkumbusha kwamba halijazinduliwa.

Waziri aliliwekea mkono.

Mkono wake ulikuwa na uzito kweli, Tume haikukosea. Gari lilivimba, likarefuka, likawa jeusi la kung'aa, vioo giza, bendera mbele, viti vya ngozi, na ndani friji ndogo yenye maji baridi. Uwanja mzima ulishusha pumzi. Waziri alilitazama, akakuna shingo.

Akasema, "Basi nitalipokea kwa niaba yenu." Kisha akaingia kiti cha nyuma kuona kama kinakaa vizuri, na dereva wake akaingia mbele, kwa mazoea.

Sista Mwajabu hakukata tamaa. Alipita chini ya kwapa la mlinzi akalisukuma sanduku la dawa likagusa tairi. Sanduku likatoweka. Gari halikubadilika, ila dereva alichungulia chini ya kiti chake na kututangazia kwamba sasa kuna boksi la huduma ya kwanza, lina plasta na mkasi. Hizo ndizo zilikuwa dawa zote za Kivumbasi. Sista aliketi chini palepale akajishika kichwa.

*

Nilichofanya hakikuwa kwenye ratiba. Niliweka kipaza sauti kwenye meza, kikapiga yowe watu wakaziba masikio, nikaenda nikamshika binti yangu mkono. Sista aliponiona alinyanyuka akamshika upande wa pili. Tukatembea kuelekea kwenye Jamvi. Nilikuwa naogopa. Mke wangu alikuwa amelala palepale tulipokuwa tunakanyaga, na nilikuwa nauogopa mkono wa Tunu, utagusa nini na kitatoka nini.

Mlinzi alitusimamisha. "Mzee, mgeni rasmi yumo ndani."

"Na mjukuu wangu naye yumo ndani," nilimjibu.

Alifikiri, akakosa kifungu cha kumwongoza, akasogea.

Tunu aliweka kiganja kwenye mlango. Gari likatetemeka. Bendera ikashuka, ikapanda. Rangi ikapauka upande wa Tunu na kuwa nyeupe, ikarudi nyeusi, ikapauka tena. Cheo na shida vilikuwa vinapimana, na hakuna kati yetu aliyewahi kuliona jambo hilo, kwa sababu siku za uzinduzi mwenye shida huambiwa asikanyage Jamvi. Wajumbe wa Tume walianza kubishana chini ya turubai lao kama inaruhusiwa. Ndani, Waziri alikuwa ameshika kiti kwa mikono yote miwili.

"Mimi ni Waziri kamili," alisema, si kwa ukali. Alikuwa kama mtu anayejikumbusha.

Maumivu yalimjia Tunu tena. Aliinamia gari mwili mzima, shavu kwenye kioo, na kioo kile cheusi kikaanza kupoteza giza lake pale pumzi yake ilipogusa, mpaka wakawa wanatazamana yeye na Waziri.

"Baba," Tunu alisema, "mwambie asogee."

"Mheshimiwa," nilisema, "sogea."

Miaka yote ya kazi yangu sijawahi kumwita mheshimiwa nikaacha kuweka neno tafadhali. Lakini nadhani hakunisikia. Alikuwa anamtazama Tunu usoni, na uso wake mwema ukaingiwa na hofu ya kawaida, ile anayoipata mtu yeyote nyumbani kwake mambo yanapoharibika. Aliachia kiti, akasogea.

Likawa jeupe lote. Mstari mwekundu ubavuni, king'ora juu, kitanda ndani, chupa ya dripu na mpira wake. Kiti cha ngozi kikawa benchi la mbao la msindikizaji, na Waziri alikuwa bado amelikalia. Tukampandisha Tunu, Sista akaruka ndani, mimi nikapanda mbele kwa dereva. Dereva huyo, niwaambie ukweli, ni mzuri sana. Amezoea kupishwa na kila mtu.

Jamvi lilikuwa limesahau kitu kimoja tu, ndoano ya kuning'iniza dripu.

"Mheshimiwa, shika hii," nilimsikia Sista Mwajabu nyuma. "Inua mkono. Juu zaidi. Hapo hapo, usishushe."

Hakushusha. Tulipanda vilima vyote na kushuka vilima vyote, kokoto zikilia chini, na kila nilipogeuka niliuona ule mkono mzito umekaa juu, unatetemeka, chupa inaning'inia. Tunu alipasuliwa jioni ileile. Akapatikana mtoto wa kike, mama salama, mtoto salama. Nikalia tena mbele za watu.

Waziri alikuwa amekaa nje ya chumba cha upasuaji kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa. Hakuna aliyemtambua, kwa kuwa hakuwa na gari. Muuguzi wa zamu alimuuliza yeye ni nani kwa mgonjwa.

"Mimi nilishika dripu," alijibu.

*

Bungeni alikuja kulieleza tukio hilo kama ziara ya kushtukiza katika sekta ya afya, na alipigiwa makofi anayostahili. Lakini habari zilikwisha kutembea. Kata moja baada ya nyingine, wananchi waliokuwa na shughuli ya uzinduzi walianza kuwahi mapema na kukaa mstari wa mbele: wajawazito, wazee wa kifua, wenye miguu iliyovunjika, wenye watoto wa shule wanaovuka mto kwa kuogelea. Hawafanyi fujo. Wanakaa karibu na Jamvi, kwa heshima, wakimtazama mgeni rasmi mikononi.

Kuanzia hapo viongozi wetu walitingwa na kazi. Wote kwa pamoja walipata majukumu mengine ya kitaifa. Tunawaalika, wanatuma salamu. Utaratibu wa uzinduzi haujafutwa, hapana, sisi ni watu wa sheria. Ila ndani yake kuna kifungu cha chini kabisa kisemacho kwamba endapo mgeni rasmi atachelewa mpaka jua likazama, shughuli iendelee. Kifungu hicho hakikuwahi kutumika, kwa sababu kuchelewa walichelewa, lakini walikuwa wanakuja.

Kwa hiyo siku hizi tunamsubiri mgeni rasmi kwa dhati. Tunafunga turubai, tunaweka kiti cha sofa na kitambaa chake, kwaya inaimba, na jua likizama tunaendelea. Kwa njia hiyo ya kusikitisha tumepata gari la zimamoto, basi la shule, na pantoni iliyopo mtoni. Pengo waliloliacha viongozi ni kubwa, nami hulitaja kila mara kwenye kipaza sauti.

Juzi tulikuwa tunatoa gari la pili la wagonjwa, kwa ajili ya wenzetu wa ng'ambo ya mto. Chuma kiligusa gurudumu, gari la kijivu likatoka, tukasubiri jua. Kiti cha mgeni rasmi hakikuwa wazi. Tunu alikuwa amekikalia, ananyonyesha. Mtoto tumempa jina la bibi yake, Kidawa. Aliposhiba, mama yake alimbeba akasogea naye kuliona gari, na kabla mtu hajasema neno, mtoto alinyoosha mkono akalishika.

Uwanja wote ulisogea tuone linageuka nini. Tulingoja kwa muda, na gari likabaki vilevile, la kijivu, mlango wa nyuma wazi, linasubiri sanduku la dawa. Cheo hana, na shida hana.

Nikainua kipaza sauti, nikatangaza kwamba itifaki imezingatiwa.